Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma na viongozi wa Manispaa: ingieni na majumbani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, waheshimiwa wakuu wa wilaya, ndugu Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, na madiwani wetu,

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo yangu, na salamu kwa wengine wote.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Napita nyumba kwa nyumba kuuliza kama mjamzito amehudhuria kliniki, kama mtoto amemaliza chanjo, kama mgonjwa wa kifua kikuu amemeza dawa zake, kama choo kipo. Asubuhi nahangaika na dagaa wangu Kibirizi, mchana nashika daftari. Daftari hilo halina safu ya kuandika nani analewa, nani anavuta, nani kajifungia ndani kwa arosto, yale mateso ya kukosa kilevi alichokizoea. Lakini ukishakaa kwenye mkeka wa watu na kunywa maji yao, hayo ndiyo unayoyaona kwanza.

Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu kila tukikutana kwenye vikao kuhusu ulevi na dawa za kulevya mazungumzo yanakuwa ya kijiwe. Kijiwe hiki kivunjwe, kile kivamiwe. Nguvu zetu zote zinamwishia kijana ambaye ameshazama. Aliyemfundisha kuvuta yuko nyumbani kwao. Aliyemlipa ujira kwa pombe yuko kazini kwake. Anayemficha ni mama yake. Hao hakuna afisa anayewagongea mlango.

Msako mnaujua. Gari la polisi linaingia jioni, vijana wanatawanyika, na wanaokamatwa ni wale waliolewa kiasi cha kushindwa kukimbia. Baada ya muda wako palepale, na baadhi wamejifunza mapya huko mahabusu. Sisemi msako usiwepo. Muuza unga akamatwe, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, mwenye taarifa aipige. Ila kwenye mitaa ninayopita, kinachotumaliza zaidi ni gongo, bangi, gundi, na vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari. Wa unga wapo, wachache, na wengi wao wamerudi nao kutoka Dar es Salaam.

Hili nalisema kwa sababu naona tunajipa moyo kwa habari za methadone, dawa anayopewa kliniki mtu wa unga, yaani heroini, ili auache. Ni habari njema kweli. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ikaenda Mwananyamala na Temeke, ikafika Mbeya, Mwanza na Dodoma, na imerudisha watu makazini. Lakini dawa ile ni ya mtu aliyezoea heroini na dawa za jamii hiyo. Wa gongo haimfai, wa bangi haimfai, mtoto wa gundi haimfai. Tiba ya hawa ni watu: wa kuzungumza nao, wa kuwasimamia siku zile ngumu, na nyumba ya kurudi ambayo haitawarudisha walikotoka. Hapo ndipo tulipo maskini.

Niwaeleze mtoto anavyoanza. Baba yuko barazani na wenzake, anamwita mwanawe wa miaka tisa: "Nenda jikoni kaniwashie." Mtoto anachukua sigara, anainama kwenye jiko, anaigusisha kwenye kaa la moto. Sigara haishiki kwa kugusishwa tu, lazima uivute. Anavuta mara ya kwanza, ya pili, anakohoa, anairudisha inatoa moshi. Barazani wanacheka. Hili nimeliona kwenye nyumba za heshima zao, za watu wa sala tano na za watu wa Jumapili, wala hakuna anayedhani kuna kitu kimetokea.

Gongo nayo mtoto ndiye anayetumwa. Anapewa chupa ya maji ya nusu lita na hela, anaenda nyumba ya tatu. Njiani anaonja, kisha anajazia maji ya bomba ili baba asigundue. Mama mmoja alinihakikishia kwamba wake ni hodari, haonji kabisa. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yetu, macho mekundu, ananitazama kama anayeniomba nisiulize swali la pili.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe au sigara, na inamkataza mwenye baa kumruhusu mtoto aingie. Kwetu hapa nani amewahi kuulizwa kwa hilo? Sina haja ya kuona baba wa watu anafungwa. Nataka aambiwe, na aambiwe na mtu mwenye kitambulisho cha serikali, maana mimi nikisema najibiwa, "Dada, wewe si ulikuja kuangalia choo?"

Umri wa kuanza ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1997 takwimu za makumi ya maelfu ya watu. Kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, karibu 40 katika kila 100 walikuja kuwa tegemezi wa pombe. Waliosubiri hadi miaka 20, karibu 10 katika kila 100. Kuna na suala la damu. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya hatari ya mtu kuwa mraibu anairithi. Sisi tukisema "ukoo ule ni wa walevi" tunasema kwa kusengenya, kumbe ilipaswa kuwa taarifa ya kliniki, vilevile tunavyosema ukoo ule una kisukari, watoto wao wapimwe mapema.

Nusu nyingine ni maisha. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani walitoa utafiti uliouliza watu wazima zaidi ya 9,000 kuhusu utoto wao: kama walipigwa, kama walidhalilishwa, kama mama yao alikuwa anapigwa, kama waliishi na mlevi, kama kuna mtu wa nyumbani aliyewahi kufungwa. Waliopitia mambo manne au zaidi ya namna hiyo walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 ya kuangukia ulevi, dawa za kulevya, msongo mkubwa wa huzuni au kujaribu kujiua. Nilipoelezwa hayo nilizihesabu nyumba zangu kichwani. Kuna nyumba manne yanatimia kabla sijamaliza kikombe cha chai.

Sasa twendeni mwaloni, boti za uvuvi zinakotia nanga.

Dagaa huvuliwa usiku, na huvuliwa kwenye giza, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, boti zinafungwa. Kijana wa miaka 15 au 16 anaingia boti ya mjomba wake. Baridi ya ziwani saa nane usiku si mchezo, basi chupa inapitishwa ya kupasha mwili moto. Asiyekunywa anaitwa mtoto wa mama, na kwenye boti hakuna pa kwenda. Asubuhi wanagawana. Kabla kijana hajashika hela yake, imeshakatwa deni la kwa mama muuza gongo, kwa makubaliano kati ya tajiri wa boti na muuzaji. Wapo ambao mwezi unaisha hawajawahi kuiona hela yao nzima. Halafu ikija wiki ya mbalamwezi wana muda, wana vijisenti, hawana pa kwenda isipokuwa kwenye kilabu cha pombe, banda la video na mashine ya kamari. Mgeni akitaka kujua siku gani vilabu vya Kigoma vinajaa, asitazame tarehe ya mishahara, atazame mwezi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hilo silipingi, samaki walikuwa wamepungua na kila aliyeko mwaloni alijua. Ninachosema ni kwamba mahesabu ya samaki yalifanywa kwa makini, na ya vibarua sikuyasikia. Mwenye boti ana shamba la michikichi, ana duka, anasubiri. Kibarua asiye na hata ndoano yake aliletwa nchi kavu miezi mitatu, kwenye mtaa uleule wenye gongo ileile, na mazoea aliyoyapata ziwani ameyabeba. Kufunga ziwa kukipangwa tena, afisa ustawi wa jamii awe mezani pamoja na afisa uvuvi.

Baada ya hapo kijana anakuwa "tatizo," na familia inaanza kutafuta dawa yake. Hapa ndipo ninapoumia.

Dawa ya kwanza inayopendwa ni ndoa. "Aoe, atatulia." Ukoo unachanga mahari ambayo haukuwahi kuchanga kwa ajili ya matibabu. Binti wa watu anatolewa Kasulu au Buhigwe, hajaambiwa chochote. Mwaka haujaisha ana mimba, sufuria zimeuzwa, na lawama ni zake: ameshindwa kumtuliza mume. Mtoto atakayezaliwa mnajua atakuwa na mambo mangapi kati ya yale manne. Mashehe, wachungaji na mapadri mnaosoma barua hii, swali moja kwa mashangazi kabla ya kufungisha ndoa lingeokoa mabinti wengi.

Dawa ya pili ni kamba. Niliitwa kwenye nyumba moja kuangalia "mgonjwa wa majini." Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Ndani kulikuwa na kijana amefungwa mkono kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ya nyavu, jasho linamtiririka, anatetemeka, na mkono uliobaki huru anaokota vitu hewani na kuviweka kwenye shuka. Nilimuuliza anaokota nini. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Dagaa, mama, wameanza kuota jua." Siku ya tatu hiyo hajaonja pombe. Familia ilikuwa imejitahidi kwa kadiri ya uelewa wao, wamemtenga na chupa. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne akaweweseka, akapanda joto, na hata akafa. Hospitali zina dawa za kumshusha polepole. Yule tulimfikisha, akapona. Nani anawaambia wengine? Redio zetu zina matangazo ya mbolea, ya mikopo na ya mganga anayerudisha mume aliyepotea. Dakika moja ya "usimfunge, mlete hospitali" ingegharimu nini?

Dawa ya tatu ni fedha, na hii ni ya akina mama. Shilingi elfu mbili kila asubuhi, kimyakimya, ili asitetemeke na asiuze redio ya baba. Dada aliyeko Dar anatuma kwa simu, anadhani ni ya chakula. Ukimwambia mama kwamba anaulisha ugonjwa anakujibu, "Wewe hujazaa teja." Sina jibu la hapo, na sidhani mwenye ofisi analo. Anachohitaji mama yule ni kukaa na akina mama wengine wenye mzigo uleule, wakiongozwa na mtu aliyesomea, wapange pamoja namna ya kukataa bila kumfukuza mtoto. Kwa sasa kila mmoja anajua la kwake peke yake, kwa sababu akilisema mabinti zake hawataposwa.

Na wapo akina baba wanaomaliza kwa sentensi moja: "Huyo si mwanangu." Sitawazungumzia zaidi, wanajijua.

Akishatibiwa anarudi wapi? Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kuwa karibu askari mmoja kati ya watano waliokuwa Vietnam alikuwa amenasa kwenye heroini. Walidhani nchi itajaa mateja. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi, akakuta kwamba katika wale waliokuwa mateja kule, ni karibu 5 tu katika kila 100 waliorudia uteja ndani ya mwaka wa kwanza. Si kwamba heroini ni kitu chepesi. Waliacha nyuma vita, wenzao wa kuvuta nao na muuzaji wa jirani, wakarudi kwenye nyumba na kazi. Vijana wetu sisi tunawafanyia kinyume. Anatolewa hapa, anapelekwa nyumba ya upataji nafuu (sober house) mkoa mwingine, ukoo unauza ng'ombe kulipia, anakaa miezi, ananenepa, anarudi na begi lake. Jioni ileile jirani anamkaribisha kwa kumpa kidogo, "kumpokea."

Kwa hiyo ninachoomba si vitu vya ajabu.

Kwanza watu. Ustawi wa jamii kwa wengi wetu ni ofisi ya kwenda kugombea matunzo ya mtoto baada ya talaka. Pelekeni maafisa ustawi kwenye kata, wawe na siku maalumu ya kutembelea familia pamoja nasi tunaozijua nyumba. Sisi tuongezewe ile safu kwenye daftari, tufundishwe kuuliza bila kuaibisha, na tukiuliza pawe na pa kumpeleka mtu. Swali bila pa kumpeleka ni umbeya tu.

Halafu mama muuza gongo. Mkimvamia mkamwaga mapipa yake, mtoto wake anayesoma kwa hela hiyo anaacha shule wiki hiyohiyo, na yeye anaanza upya kwa mkopo wa riba kubwa kwa mtu mbaya zaidi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Tengenezeni njia ya mama huyu kuingia kwenye kikundi kwa masharti ya kuzima mtambo, aende kwenye mawese, sabuni, dagaa. Na vijana waliopata nafuu nao wafikiriwe, maana vikundi vya kawaida haviwataki, vinaogopa watalewea mtaji. Hofu hiyo naielewa. Wakopesheni vifaa vya kazi badala ya fedha taslimu, tuone.

Kwa matajiri wa boti, Mheshimiwa, wewe una sauti kuliko sisi wote. Waite. Waambie ujira wa kibarua haukatwi deni la pombe, na mtoto wa umri wa shule hapandi boti usiku. Wakishindwa, leseni ziko mikononi mwa serikali.

Ninao mfano wa nchi ya mbali, mtanisamehe kwa umbali wake. Iceland, kisiwa cha baridi na wavuvi wengi, mwaka 1998 ilikuwa na vijana wa miaka 15 na 16 ambao 42 katika kila 100 walikiri kulewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa 5. Hawakufika hapo kwa misako. Waliwauliza vijana maswali kila mara na kuyarudisha majibu kwa wazazi wa shule ileile, wakawafanya wazazi waafikiane, wakasimamia kwamba wa miaka 13 hadi 16 asionekane nje peke yake baada ya saa nne usiku wakati wa baridi, na halmashauri zikachangia ada za michezo na muziki. Fedha zao hatuna. Lakini wazazi wa mtaa mmoja kukubaliana kwamba hakuna mtoto anayetumwa pombe wala sigara, hilo linataka fedha gani? Linamtaka mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao na mtendaji aandike muhtasari. Na viwanja vya mpira vilivyobaki Mwanga, Gungu na Ujiji msivikate viwanja vya nyumba. Nikisema hivyo huwa naambiwa siasa.

Shule nazo. Mwanafunzi akikutwa na bangi anarudishwa nyumbani, kwenye jiko lilelile alikowashia sigara ya baba. Mwalimu wa malezi akishamtoa darasani, jina lake lifike kwa afisa ustawi siku hiyohiyo.

Bajeti ya mwaka mpya wa fedha inapita kwenye baraza la madiwani kabla ya Julai. Naomba tuone ndani yake mstari unaosema familia, si semina na fulana za maadhimisho. Jibu lenu mkiwapa watendaji wa kata walisome kwenye mikutano ya mitaa, tutakuja kulisikiliza. Mkutano usiitishwe wiki zisizo na mbalamwezi, maana nusu ya wahusika watakuwa wamelala wakitoka ziwani. Ukiwa wiki ya mbalamwezi, uwe asubuhi.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Manispaa ya Kigoma Ujiji

Nakala:
Waganga wakuu wa wilaya zote za mkoa
Maafisa ustawi wa jamii
Viongozi wa dini
Wenye boti, Kibirizi na Katonga